Kutoka kwenye kausha damu: mwongozo kamili kwa familia ya Kikristo yenye madeni

Kanisani tunaombea wagonjwa, wasafiri na wanafunzi wa kidato cha nne. Ni nadra sana muumini kusimama na kusema, "Niombeeni, nina marejesho ya kila siku na sina pa kuyatoa." Jumapili mama yupo kwenye kwaya na sare yake imenyooka. Jumatatu saa nne asubuhi amezima simu, na mtoto ameagizwa amwambie afisa mikopo kwamba mama ametoka. Mtoto huyo amefundishwa Sunday school kwamba uongo ni dhambi. Hapo ndipo deni linapoacha kuwa suala la fedha tu na kuingia kwenye imani ya nyumba nzima.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya familia hiyo. Nimeuandika nikifikiria zaidi hali ya Tanzania, ambako mikopo ya marejesho ya kila siku imepewa jina linaloistahili, kausha damu. Msomaji wa Kenya anayesumbuliwa na mikopo ya simu ataona mengi ni yale yale.

Habari itakayotuongoza ni ya mjane wa 2 Wafalme 4. Mumewe, mcha Mungu, amekufa na kuacha deni, na mdai amekuja kuwachukua watoto wawili wawe watumwa. Ona mpangilio wake. Kwanza mjane alilisema deni lake kwa sauti. Nabii Elisha akamuuliza ana nini nyumbani, naye alikuwa na chupa ya mafuta tu. Majirani wakahusishwa, wakaazimwa vyombo. Muujiza ulipotokea, mafuta yale yakajaza vyombo vyote, agizo lilikuwa moja: uza mafuta, lipa deni, kisha wewe na wanao mwishi kwa kinachobaki. Muujiza haukufuta deni. Ulimpa mjane cha kulipia.

Hatua ya 1: Andika kila deni kwenye daftari

Chukua daftari la shule, kaa mezani, piga mistari. Kwa kila deni andika anayekudai, kiasi ulichopokea mkononi, jumla utakayorejesha, marejesho ya siku au wiki, dhamana uliyoweka, na jina la mdhamini. Usiache chochote: duka la Mangi, kikoba, ada ya shule, fundi aliyepiga plasta, salio ulilokopa kwenye simu, mshahara wa dada wa kazi wa mwezi uliopita.

Kazi kubwa ipo kwenye safu ya pili na ya tatu. Tuchukue mfano. Umekopa 300,000. Wamekata 15,000 ya fomu na bima, umeondoka na 285,000. Unarejesha 12,000 kila siku kwa siku 30, yaani 360,000. Mkopo umekugharimu 75,000, zaidi ya robo ya ulichopokea, ndani ya mwezi mmoja. Na hesabu yenyewe ni mbaya kuliko inavyoonekana, kwa sababu fedha hizo hukukaa nazo mwezi mzima. Kufika siku ya 15 umeshawarudishia 180,000, lakini gharama umetozwa kama vile 300,000 yote bado iko kwako. Genge la nyanya na vitunguu linalolipa gharama hiyo kila mwezi na bado likalisha familia ni gumu kulipata. Ndiyo maana mama analala saa sita, anaamka saa kumi, na mtaji unapungua tu.

Jumlisha safu ya marejesho. Chini yake andika kipato cha kweli cha nyumba kwa siku ya kawaida, usitumie siku ya biashara nzuri. Kama marejesho ni makubwa kuliko kipato, umejua sasa kwamba hakuna bidii itakayolimaliza deni hilo kwa mpango uliopo. Lazima mpango ubadilike. Yesu aliposema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, akaketi kwanza kuhesabu gharama (Luka 14:28), alitumia kuhesabu kama mfano wa kumfuata yeye. Kuhesabu hakumaanishi kukosa imani.

Hatua ya 2: Mwambie mwenzi wako

Wengi hukwama hapa. Mume hajui kwamba friji imewekwa dhamana. Mke hajui kwamba bodaboda iliyopaki uani imeshakopewa mara mbili. Siri hiyo hugharimu nyumba kuliko riba, kwa sababu kila anayeficha deni hukopa kwingine ili la kwanza lisijulikane.

Chagua muda. Usiseme mwenzako akiwa ameingia tu kutoka kazini na njaa, wala mbele ya watoto. Ombeni kwanza, kwa maneno machache, halafu mpe daftari alisome mwenyewe. Usianze na sababu, anza na jumla: "Tunadaiwa milioni moja na laki nne. Mengi niliyakopa bila kukuambia. Naomba unisamehe, na naomba tulimalize pamoja." Sababu atauliza.

Nawe unayesikiliza, una haki ya kuumia. Nakuomba tu usiku huo usiulize lile swali la "ulikuwa unafikiri nini?" Uliza maswali mawili yanayosaidia: la karibu kuiva ni lipi, na kuna lingine ambalo halimo kwenye daftari? La pili liulize kwa upole, maana mara nyingi lipo.

Kama nyumbani kwako ukweli huu unaweza kuleta kipigo, usianze peke yako. Nenda kwa mchungaji, mama mchungaji, katekista au mzee wa kanisa unayemwamini, na mazungumzo yafanyike mbele yake. Asiye na mwenzi naye atafute mtu mmoja mzima anayejua kutunza siri. Deni lisikae na mtu mmoja.

Hatua ya 3: Acha kukopa ili kulipa

Kuanzia leo hakuna mkopo mpya wa kulipia mkopo wa zamani. Ni maumivu, na wiki ya kwanza simu zitalia mfululizo, lakini bila hatua hii zinazofuata hazina maana.

Kwenye simu, ingia kwenye mipangilio uondoe ruhusa ya programu za mikopo kusoma majina yaliyomo kwenye simu yako, ujumbe na picha. Kuifuta programu hakufuti deni, kwa hiyo kabla ya kuifuta piga picha ya ukurasa unaoonyesha ulichokopa na ulicholipa. Ile huduma ya mtandao inayokuongezea salio ukipungukiwa wakati wa kutuma fedha, jitoe kupitia menyu yake au piga huduma kwa wateja. Usipojitoa, kila fedha itakayoingia itaanza kukatwa.

Kama kwenye daftari kuna fedha zilizokwenda kwenye mikeka ya kubeti, iseme hivyo hivyo kwa jina lake. Kuna vijana wa kwaya na hata wazee wa kanisa wanaoshinda kwenye simu wakisubiri matokeo ya mechi za Ulaya ili walipe kodi ya nyumba. Mwenye tatizo hilo atafutiwe mtu wa kutembea naye, na kwa muda line yake ya fedha ishikwe na mwenzake.

Usimdhamini mtu pia. Mithali 6 inamwambia aliyeweka dhamana kwa ajili ya jirani yake aende akajinasue bila kulala usingizi. Kama umeshadhamini, andika kiasi hicho kwenye daftari kama deni lako, maana ndilo.

Hatua ya 4: Ijue sheria kabla hujaenda kwa mkopeshaji

Tanzania ina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Kampuni au mtu anayekopesha umma anatakiwa awe na leseni, na Benki Kuu imeweka kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa taasisi ndogo zisizopokea amana. Rudi kwenye mfano wetu: asilimia 3.5 ya 300,000 ni 10,500. Wewe katika mfano ule umetozwa riba ya 60,000, mbali na 15,000 ya fomu na bima.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Kwa upande wa Kenya, Benki Kuu ilianza kuwapa leseni wakopeshaji wa kidijitali kwa kanuni za mwaka 2022. Kwa hiyo uliza, tena kwa adabu: "Naomba kuona leseni yenu na nakala ya mkataba wangu." Mkopeshaji halali hatakasirika.

Wapo wanaotuma ujumbe kwa watu wako wote, akiwemo mchungaji na bosi wako, kwamba wewe ni tapeli. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ipo Tume inayopokea malalamiko ya namna hiyo. Hifadhi ujumbe huo, usiufute kwa aibu. Ndio ushahidi wako.

Kuhusu wanaoingia ndani na kubeba godoro na televisheni, Biblia imesema mapema. Kumbukumbu la Torati 24:10-11 inamkataza mkopeshaji kuingia nyumbani mwa mtu kuchukua rehani. Asimame nje, mwenye nyumba amletee. Mstari wa 6 unakataza kuchukua jiwe la kusagia, kwa kuwa ni kuchukua uhai wa mtu. Leo jiwe hilo ni cherehani, jiko la chipsi, pikipiki. Likitokea la nguvu, piga simu kwa mjumbe au serikali ya mtaa kabla hujapiga kelele, na usiruhusu kitu kitoke bila maandishi.

Kujua haki zako hakukupi ruhusa ya kudhulumu. "Asiye haki hukopa wala halipi" (Zaburi 37:21). Ulichopokea ni chako kurejesha, hata kama aliyekukopesha ana makosa yake.

Hatua ya 5: Nenda mwenyewe, usisubiri kufuatwa

Jipange na mwenzako au mzee mmoja wa kanisa, nendeni ofisini asubuhi. Peleka fedha kidogo mkononi, hata kama ni 10,000. Maneno yawe mafupi: "Nimekuja kwa hiari yangu. Nimepokea 285,000, nimerejesha 180,000. Siwezi tena 12,000 kwa siku. Naweza 25,000 kwa wiki, kila Ijumaa. Naomba msimamishe faini na tuandike makubaliano mapya." Taja kiasi unachokiweza hata wiki mbaya. Ukiahidi kikubwa ili upendeze, Ijumaa ya tatu utaanza tena kuzima simu.

Wengine watakataa. Rudi tena wiki inayofuata na fedha ile ile. Lipa kwa njia inayoacha risiti au ujumbe wa simu, usimkabidhi afisa fedha barabarani.

Ni deni gani lilipwe kwanza? Washauri wa fedha watakwambia lile lenye gharama kubwa, na kwa hesabu wako sahihi. Ila mimi naweka moja mbele ya yote: ujira wa mtu maskini uliyemtumikisha. Dada wa kazi, kibarua wa shamba, fundi. Walawi 19:13 inasema ujira wa kibarua usilale kwako hadi asubuhi, na Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele. Huyu hana afisa mikopo wa kumtuma kwako, ndiyo maana ni rahisi kumsahau. Mlipe yeye, halafu fuata la gharama kubwa, halafu yaliyobaki.

Hatua ya 6: "Una nini nyumbani?"

Pitieni nyumba chumba kwa chumba. Simu ya pili, sabufa, seti ya makochi ya wageni ambayo watoto hawaruhusiwi kuyakalia, kiwanja kisichojengwa kwa miaka. Kilichokaa tu kiuzwe. Kinacholeta chakula kisiguswe.

Michango ndiyo inayowashinda wengi. Harusi, send-off, kipaimara, mahafali, kila moja na kadi yake na kamati yake, na kundi la WhatsApp linalotaja majina ya ambao hawajatoa. Ndani ya kipindi cha kulipa deni, toeni kwa msiba na ugonjwa, na mengine mseme hapana mapema kabla hamjaandikwa ahadi. Ujumbe wa kutosha ni huu: "Shikamoo mjomba. Nashukuru kunishirikisha furaha ya dada. Kwa mwaka huu hali yangu hainiruhusu kuchangia fedha, ila Ijumaa na Jumamosi nitakuja kusaidia jikoni." Halafu uende kweli, tena mapema. Watu husahau kadi ambayo haikulipwa, lakini humkumbuka aliyeosha masufuria saa nane usiku.

Watoto wa kuanzia darasa la tano waambieni kwa kiasi chao: mwaka huu tunalipa deni, kwa hiyo hatusafiri Desemba. Na mwagizo wa "sema mama hayupo" ukome siku hiyo hiyo.

Hatua ya 7: Sadaka, zaka na ahadi

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ndipo dhamiri nyingi zinapochubuka.

Usikope ili utoe. Sikubaliani kabisa na mafundisho yanayomwambia mama mwenye marejesho apande mbegu ya laki moja ili deni livunjike. Fedha hiyo ina mwenyewe, anaisubiri. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kila mtu atende "kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni, wala si kwa lazima" (2 Wakorintho 9:7). Na Yesu aliwakemea waliotumia neno "Korbani", yaani kitu kilichowekwa wakfu kwa Mungu, kukwepa wajibu kwa baba na mama (Marko 7:11-13). Kumpa Mungu kile ambacho jirani anakudai kunakaribia sana kosa hilo.

Wala usiache kutoa. Anayeacha kabisa huanza kuona haya kuja kanisani, na akikaa nyumbani Jumapili tatu anazama zaidi. Toa kutoka kwenye kilichopo mkononi, hata sarafu. Wapo walioshawishika kwamba fungu la kumi haliguswi hata wakidaiwa. Siwezi kuwavunja dhamiri. Nawaomba tu walitoe kwenye kipato cha kweli, na matumizi yao mengine yabanwe ili mdai naye asikose.

Kuhusu ahadi uliyoandika kwenye bahasha ya ujenzi wakati mambo yalikuwa mazuri, mfuate mtunza hazina au mzee wa mtaa wako, mweleze, omba muda uongezwe. Usingoje majina yasomwe. Nanyi viongozi mnaosoma majina ya wadaiwa wa ahadi mbele ya usharika, acheni. Mnawafukuza walewale wanaohitaji kanisa kuliko wote.

Hatua ya 8: Kanisa liwe zaidi ya mahali pa kuombewa

Katika Nehemia 5 watu walilia kwamba wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba, na watoto wao wanatiwa utumwani. Waliowakopesha walikuwa ndugu zao. Nehemia alikasirika, akaitisha mkutano mkubwa, akawataka warudishe mashamba na ile sehemu ya mia waliyotoza.

Historia ya baadaye inaonyesha jambo hilo linawezekana. Friedrich Wilhelm Raiffeisen, meya Mprotestanti wa vijijini Ujerumani, aliona wakulima wakimalizwa na wakopeshaji, na mwaka 1864 akaanzisha chama cha kukopeshana huko Heddesdorf kwa msukumo wa imani yake. SACCOS zetu za leo ni wajukuu wa kazi ya namna hiyo. Vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, ambavyo leo vingi hutumia hisa na kisanduku chenye kufuli tatu, vilianzia Niger mwaka 1991 kwenye mradi wa shirika la misaada la CARE, kisha vikaenea nchi nyingi za Afrika.

Jumuiya ya nyumba 15 inaweza kuanza hivi: hisa ya 2,000 kwa wiki, fedha zihesabiwe mbele ya wote, funguo zishikwe na watu watatu wa nyumba tofauti, na mfuko wa jamii wa 500 ambao haukopeshwi kwa riba. Mfuko huo ndio utakaomwokoa mtu siku mtoto akilazwa, ambayo mara nyingi ndiyo siku ya kwanza ya kausha damu. Mwenye madeni asikopeshwe na kikundi kwa mtaji hadi amalize ya nje. Ninajua inaonekana ni ukali, lakini nimeona vikundi vikivunjika kwa huruma isiyo na mpaka, na wajane wakapoteza akiba zao.

Msimamizi wa kikundi asitoe siri ya mtu kwenye maombi. "Tumwombee dada yetu anayedaiwa" ni umbea uliovikwa kilemba.

Hatua ya 9: Siku ya kumaliza

Ukilipa la mwisho, usiondoke ofisini bila barua ya kumaliza deni yenye mhuri, jina lako kamili na namba ya mkataba. Dai dhamana yako hapo hapo: kadi ya pikipiki, hati, kitambulisho. Mjulishe mdhamini wako kwa simu, naye apumue. Kama mkopo ulikuwa wa benki au wa kampuni yenye leseni, uliza pia taarifa zako za mikopo zimesahihishwa lini.

Na ile fedha ya marejesho, wiki inayofuata isiingie kwenye matumizi. Kama ulikuwa unalipa 25,000 kila Ijumaa, Ijumaa hiyo hiyo ipeleke kikundini au SACCOS, kwa saa ile ile uliyokuwa unaenda kwa mkopeshaji, hadi ufikishe matumizi ya nyumba ya miezi mitatu. Daftari lisitupwe. Kurasa zinazobaki anzeni kuandika humo akiba, wote wawili, kila mmoja kwa mkono wake.